Mzee Hadharauliwi, Wala Hafuatwi kwa Upofu



Mtoto akishikwa na homa, majumbani mwetu huzuka mabishano. Bibi hutaka mwarobaini uchemshwe. Kijana aliyesoma hucheka, akasema hayo ni mambo ya kale. Kabla hujaamua ni yupi mwenye haki, sikiliza kisa hiki.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilikuwa ikiwamaliza askari, na klorokwini ilikwisha anza kushindwa. Serikali ya China ikawaamrisha wataalamu wake watafute dawa mpya. Mwaka 1969 akaingizwa kazini Bibi Tu Youyou wa Beijing. Yeye na wenzake wakapekua vitabu vya matabibu wa zamani, wakakusanya dawa zaidi ya 2,000. Katika mamia ya majaribio waliyoyafanya, mengi hayakufaa kitu. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao, ulileta matumaini, kisha nao ukawavunja moyo.

Bibi Tu akarejea kitabuni. Tabibu Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliagiza konzi moja ya mmea huo iroweshwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha! Hapo akatanabahi: huenda moto ndio unaoiua dawa. Akatumia etha, kioevu kinachochemka kwa joto la nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 dawa ile ikawasafisha panya na vijidudu vyote vya malaria. Hata hivyo hakuwakimbilia wagonjwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe, wahakikishe kuwa haidhuru.

Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Na dawa mseto tunayopewa leo hospitalini asili yake ni mmea ule ule.

Basi ni nani mwenye haki, bibi au kijana? Lau Bibi Tu angaliwadharau wazee, asingalipata pa kuanzia. Na lau angaliwafuata bila ya kupima, mamia ya dawa zisizofaa yangaliitwa tiba.

Elimu ni amana, ndugu yangu. Keti na bibi yako, uandike ayajuayo kabla hayajazikwa naye. Lakini mtoto mwenye homa usimpe majani ukangoja. Mpeleke akapimwe damu leo hii, na akipewa dawa, aimalize yote.