Fahamu John McLendon, msee alinyimwa jezi akageuka kocha noma wa basketi

Kama wewe ni shabiki wa basketi, hili jina huenda hujawahi kuliskia. Lakini ile ball ya kasi unaona siku hizi, timu inakimbiza mpinzani uwanja mzima hadi anachoka, huyu jamaa ni mmoja wa wenye waliileta.

Alitoka wapi?

John McLendon alizaliwa 5 Aprili 1915, Hiawatha, jimbo la Kansas, Marekani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas akitaka kucheza, lakini watu weusi hawakuruhusiwa kwa timu ya chuo. Bahati ni kwamba mwalimu wake alikuwa James Naismith, yule mzee alibuni basketi 1891. McLendon akanyimwa jezi, lakini akafunzwa mchezo na mwenyewe kabisa! Alimaliza chuo 1936.

Mechi ya siri

Hapa ndipo stori inakuwa moto. Mwaka wa 1944 alikuwa kocha wa chuo cha watu weusi pale Durham, North Carolina. Enzi hizo, weusi na wazungu kucheza pamoja huko Kusini kungeleta balaa, si makarao tu, hata kupoteza maisha.

Jumapili, 12 Machi, watu wengi wakiwa kanisani, timu ya wazungu kutoka shule ya udaktari ya Duke iliingia chuoni polepole. Milango ikafungwa, mashabiki hawakualikwa. Vijana wa McLendon waliwachapa 88-44. Halafu wakachanganyika, weusi na wazungu timu moja, wakacheza tena.

Walinyamaza. Dunia ilikuja kujua stori yenyewe 1996, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mataji na rekodi

Akiwa Tennessee A&I, McLendon alishinda taji la kitaifa la NAIA 1957, 1958 na 1959. Hakuna kocha mwingine wa chuo alikuwa ameshinda mara 3 mfululizo kabla yake.

1961 alikuwa kocha mkuu wa Cleveland Pipers, mmoja wa makocha wakuu wa kwanza weusi kwenye ligi ya kulipwa. Hakukaa sana, alisare katikati ya msimu baada ya kukosana na mwenye timu, George Steinbrenner. 1966 akaenda Cleveland State, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa basketi kwenye chuo chenye wazungu wengi.

Heshima ilichelewa

Ukumbi wa Heshima wa basketi ulimwingiza 1979, lakini kama mchangiaji wa mchezo, si kama kocha. Na mataji yote hayo! Alifariki 8 Oktoba 1999. Kama kocha aliingizwa 2016, miaka 17 akiwa kaburini.

Kwa hivyo siku ukiskia mtu akitaja magwiji wa basketi na kuruka hili jina, mrushie hii stori.