Dau la Kinga Katika Zamu ya Mbele

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya karata. Kopa, uru, shupaza na pau yaliingia pwani kutoka Kireno na sasa ni yetu. Tunachokosa ni maneno ya mbinu, hasa mbinu za Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, aina ya poka ambayo tangu miaka ya 1970 ndiyo inayoamua bingwa wa World Series of Poker kule Las Vegas. Kuna mbinu moja ambayo ikifasiriwa vibaya, mchezaji anapoteza fedha: kuweka dau ukiwa na mkono wenye nguvu ambao unaweza kupitwa, nawe ndiye wa kwanza kuamua.

Nianze na huko kuwa wa kwanza. Tafsiri ya neno kwa neno, "nje ya nafasi", inamfanya msomaji afikirie beki aliyeacha namba yake. Jambo lenyewe ni zamu tu. Kila mchezaji ana karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua ina mzunguko wake wa madau. Anayeamua mwisho amekwisha kuona wenzake wamefanya nini. Anayeamua kwanza hajaona kitu. Ndiyo maana nasema "zamu ya mbele" na "zamu ya nyuma", maneno ambayo mtoto yeyote aliyewahi kupanga foleni kisimani anayaelewa.

Sasa mkono wenyewe. Tuseme meza ni ya dola 1 na 2, yaani madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka mwanzoni. Atakayekuwa zamu ya nyuma karata za mezani zikifunuliwa anapandisha hadi 6. Wewe umeshaweka zile 2 za lazima na una ghulamu wawili, wa shupaza na wa pau. Unapandisha hadi 22, naye analipa. Mchezaji wa tatu ametupa karata zake na kuacha dola 1, kwa hiyo fungu la mezani ni 45. Zinafunuliwa 9 ya kopa, 8 ya kopa na 4 ya uru.

Kwa wakati huu huenda unaongoza. Lakini bibi, mfalme au ree ikitokea, au kopa ya tatu, au 10, au 7, hujui tena umesimama wapi. Mkono huu si dhaifu, na anayeuita hivyo anampotosha mwanafunzi. Ni mkono unaopitika. Ungekuwa na 7 mbili, na mezani pangekuwa na mfalme, 7 na 2 za rangi tatu tofauti, ungekuwa na nguvu zaidi na hofu ndogo sana ya kupitwa. Nguvu inaeleza hali ya sasa. Kupitika kunaeleza karata mbili zijazo. Istilahi isiyotenganisha mambo haya mawili haifai.

Chukulia mwenzako ana ree na mfalme, zote si za kopa. Kati ya karata 45 msizoziona nyote wawili, 6 zinamwokoa. Akiziona zote mbili zilizobaki, ana nafasi ya karibu robo. Ukipisha bila dau, ukitumaini ataweka yeye ili umpandishie, hana lazima ya kuweka: naye anapisha, na karata ya nne anaipata bure. Hapo ndipo ubaya wa zamu ya mbele ulipo. Yeye ndiye anayechagua kama karata italipiwa. David Sklansky alitenga sura nzima ya kitabu chake *The Theory of Poker* kwa karata hiyo ya bure, na nadhani hakuzidisha.

Weka dola 30. Sasa analazimika kulipa 30 ili agombee 75, na ili isimgharimu anahitaji nafasi ya zaidi ya asilimia 28. Kwa karata inayofuata ana asilimia 13 tu. Akitupa, ameacha mezani robo ya fungu iliyokuwa haki yake, kiasi cha dola 11. Hilo ndilo naliita "dau la kinga". Halingoji mwenzako alipe ili likupe faida, kwa sababu hata kumwondoa ni faida.

Kinga hii ina mpaka. Akiwa na mfalme na bibi wa kopa, karata 15 kati ya 45 zinamwokoa, theluthi kamili kwa karata moja tu. Zikija zote mbili, yeye ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wewe. Huyo haondoki kwa dola 30, na hukosei kumlipisha. Kosa ni kusukuma dola zako zote zilizobaki kwa woga: wengi wa watakaolipa ni wenye 9 tatu, 8 tatu, au karata 15 za kuwaokoa. Na ukiweka dau kila unapokuwa na mkono mzuri, mpinzani makini atajua kwamba ukipisha huna kitu, na atakuonea kila mara. Ndiyo maana wachezaji wazuri hupisha hata mikono imara, ila huchagua zaidi ile isiyopitika.

Ndugu mfasiri wa michezo, ukikutana na dhana hii tumia zamu ya mbele, mkono unaopitika na dau la kinga. Ukiwa na maneno bora zaidi yaandike, mradi yamwonyeshe mchezaji kwa nini anaweka dola 30 pale ambapo angeweza kupisha.