Maji ya chini ya ardhi Dodoma: kwa nini mwaka mmoja wa mvua kubwa hulisha visima kwa miaka mingi

Kila inapofika Oktoba, kabla mvua hazijaanza, wasikilizaji wetu hutuuliza swali linalofanana: "Mwaka jana mvua ilinyesha na uwele tulivuna, mbona maji ya kisima yanazidi kushuka?"

Jibu fupi ni hili: mvua inayotosha kukomaza uwele si lazima iwe mvua ya kujaza kisima. Jibu hilo halikutoka hewani. Limetoka hapa hapa kwetu, Makutupora, kwenye vipimo vilivyochukuliwa kwa zaidi ya miaka 50. Katika makala haya tunaeleza vipimo hivyo vilionyesha nini, maji huingia ardhini kupitia wapi, na ni teknolojia zipi zinaweka akiba na zipi zinaitoa.

Kwa ufupi

- Visima vya Makutupora hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, si na mvua ya kila mwaka.
- Maji mengi huzama kupitia mchanga wa makorongo.
- Pampu ya sola inasaidia sana, lakini haiongezi maji. Inatoa yaliyopo.

Makutupora ni wapi, na kwa nini panachunguzwa?

Makutupora ni bonde lililo kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Chini yake kuna tabaka la mchanga na mwamba uliopasuka-pasuka, na katika nafasi hizo ndimo maji yanamokaa. Visima virefu vya huko ndivyo vilivyolisha mji wa Dodoma kwa miongo mingi kupitia mamlaka ya maji, DUWASA.

Mji huo umekua. Mwaka 1973 uliamuliwa uwe makao makuu ya nchi, na kuanzia 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 411,000 katika eneo la Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Watu wamekaribia kuwa mara mbili kwa miaka kumi. Mvua haikuongezeka mara mbili. Dodoma bado inapata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili.

Vipimo vya miaka 55 vilionyesha nini?

Tangu 1955, watumishi wa maji walikuwa wakipima kina cha maji kwenye visima vya Makutupora na kuandika. Ni kazi isiyo na shangwe: kufika kisimani, kushusha kipimo, kuandika namba, kurudi tena baadaye. Wataalamu wa Wizara ya Maji, pamoja na watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL cha London, walikusanya kumbukumbu hizo za 1955 hadi 2010 na kuzilinganisha na mvua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change.

Waliona kwamba miaka mingi maji ya chini yalishuka taratibu, hata katika misimu ambayo mvua ilinyesha. Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji yakapanda kwa ghafla. Baada ya hapo yakaanza kushuka tena kwa miaka kadhaa, yakisubiri msimu mwingine kama huo. Misimu saba tu ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya maji yote yaliyoingia chini kwa miaka 55. Msimu mmoja peke yake, ule wa El Niño ya 1997 na 1998 ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa madaraja yaliyobebwa, ulichangia karibu moja ya tano.

Misimu hiyo mikubwa huhusiana na bahari. El Niño ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida. Nayo Bahari ya Hindi, joto likizidi upande wetu wa Afrika Mashariki kuliko upande wa Indonesia, hutuletea mawingu mazito. Hali hizo mbili zikikutana, mvua huwa za mafuriko.

Chukulia hivi: maji ya chini ni kama akiba ya mkulima anayeuza zabibu. Kila siku anatoa fedha kidogo kwa matumizi, lakini fedha huingia siku chache tu. Asiyejua hivyo ataona akiba ni nyingi mwaka huu na kuitumia yote.

Kwa nini mvua ya kawaida haifiki chini?

Jua na upepo wa Dodoma vina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko mvua yote inayonyesha kwa mwaka. Mvua ya kawaida inalowesha udongo wa juu, mimea inakunywa, kinachobaki kinakauka. Mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga, ukishalowa unajifunga na maji yanatuama juu. Ili maji yapite chini ya mizizi na kuendelea kuzama, lazima yawe mengi, yakae mahali pamoja, na yapate njia.

Njia yenyewe ni korongo

Utafiti mwingine uliochapishwa 2021, ambao mmoja wa watafiti wake ni Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulitumia vifaa vinavyojirekodi kila saa kwenye visima na kwenye makorongo ya Makutupora. Ukaonyesha kuwa sehemu kubwa ya maji huzama pale korongo linapotiririka: mkondo unakuja kwa saa au siku chache, maji yanapenya kwenye mchanga, na kiwango cha maji ya chini kinapanda.

Wazee wetu wanaochimba mchanga wa korongo wakati wa kiangazi na kupata maji hawatashangaa. Lakini jambo hili linabadilisha namna ya kuliangalia korongo kavu. Wengi tunaliona kama mahali pasipo na mwenyewe: pa kuchota mchanga wa kujengea, pa kutupa taka, pa kulima hadi ukingoni. Kumbe ndio mlango wa kisima. Mchanga unapunguza kasi ya maji na kuyapa muda wa kuzama. Ukiondolewa wote, maji yanapita mbio. Na taka tunazotupa korongoni zinaweza kuchafua maji yanayoelekea visimani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sasa tuna sababu ya kisayansi ya kuiheshimu.

Udongo ukiondoka, maji nayo huondoka

Mto Kinyasungwe Mdogo unaopita Makutupora unaelekea kwenye bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957. Bwawa hilo limepoteza nafasi kubwa ya kuhifadhi maji kwa sababu ya tope na mchanga. Mapema miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walipima mabwawa ya Ikowa, Msalatu, Matumbulu na Imagi, wakakuta nayo yakijaa udongo kwa kasi. Ardhi kipara haishiki maji. Inayaachia yaondoke pamoja na udongo.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na miti vilirudi, na makorongo mengi yakatulia. Lakini familia zilipoteza maziwa, mbolea na mali iliyokuwa ikitembea. Baadaye ufugaji wa ndani ukaruhusiwa. Kondoa ilionyesha kuwa ardhi iliyochoka inaweza kupona. Ilionyesha pia kuwa amri pekee huacha gharama kwa maskini.

Teknolojia zinazotajwa leo: ipi inafanya nini?

*Kisiki hai.* Ni kutunza machipukizi ya visiki vilivyopo shambani badala ya kupanda miche. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unaweka alama ya kitambaa, unalinda. Taasisi ya LEAD Foundation na wenzao wa Justdiggit wameieneza Dodoma tangu 2018. Haihitaji kununua mbegu wala kumwagilia, kwa sababu mizizi tayari iko chini.

Wengine huuliza: je, miti hainywi maji ya kisima? Inakunywa. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2016 ulikuta kuwa penye miti ya wastani iliyotawanyika, maji mengi zaidi yalizama kuliko penye kipara na kuliko penye miti iliyosongamana. Kivuli na mizizi vinafungua udongo, lakini miti ikizidi inamaliza faida hiyo. Kisiki hai, kwa kuacha miti michache ndani ya shamba, kinaelekea kwenye wastani huo.

*Makingamaji.* Ni matuta na mashimo yanayokata mteremko ili maji yasimame. Faida yake ya kwanza ni unyevu wa mazao na malisho, na tope kupungua kwenye makorongo na mabwawa. Usitegemee kwamba matuta ya shamba moja yatajaza kisima kirefu.

*Bwawa la mchanga.* Ni ukuta imara unaojengwa kukatiza korongo la mchanga. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanakaa ndani ya mchanga, ambako jua halifiki kirahisi. Machakos, Makueni na Kitui nchini Kenya wana uzoefu mkubwa. Linahitaji mwamba wa kushikilia ukuta na fundi anayejua. Ukuta dhaifu hubebwa na mkondo wa kwanza.

*Pampu ya sola.* Hii imeokoa mama zetu na safari ndefu za maji, na mkulima wa bustani na gharama ya dizeli. Lakini dizeli ilikuwa na breki: bei. Ukiishiwa fedha unazima. Jua halina bei, hivyo pampu inaweza kuvuta kutwa nzima. Yemen, mafuta yalipoadimika kwa sababu ya vita, wakulima walihamia sola kwa wingi, na wataalamu wameonya juu ya visima kushuka. Kwetu tahadhari ni rahisi: weka swichi ya boya ili pampu izime tanki likijaa, tumia umwagiliaji wa matone, na kabla ya kuchimba kisima kirefu cha kumwagilia, ulizia kibali kwenye Bodi ya Maji ya bonde lako.

Je, mabadiliko ya tabianchi yatatuumiza au kutusaidia?

Watafiti wa 2013 waliangalia pia makadirio ya karne hii. Waliona kuwa miezi ya mvua kubwa mno inatazamiwa kuongezeka zaidi kuliko wastani wa mvua. Kwa mazao na nyumba hiyo ni hatari. Kwa maji ya chini inaweza kuwa nafuu, ikiwa makorongo yatakuwa wazi na ardhi itakuwa na mimea. Hata hivyo walitahadharisha kuwa mwenendo wa El Niño ya kesho haujulikani kwa uhakika. Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe ya mvua kubwa ijayo.

La kufanya kijijini kabla ya mvua

1. Kubalianeni sehemu ya korongo isiyochotwa mchanga wala kutupwa taka, hasa karibu na visima.
2. Pogoleeni visiki wakati wa kiangazi, na tengenezeni makingamaji kabla ardhi haijalowa.
3. Pimeni kisima. Kamba safi yenye uzito mwishoni na fundo kila nusu mita inatosha kwa kisima kilicho wazi. Isafisheni kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuishusha. Pimeni siku ile ile ya kila mwezi, asubuhi kabla watu hawajachota, na muandike kwenye daftari la kamati ya maji.
4. Mwaka wa mvua kubwa, msiongeze mashamba ya kumwagilia kana kwamba kila mwaka utakuwa hivyo. Maji hayo ni ya miaka inayofuata.

Msikilizaji, hilo la tatu lisikupite. Tunajua tabia ya maji ya Makutupora kwa sababu watu walipima na kuandika tangu 1955, wengi wao bila kujua nani angesoma. Kijiji chenye daftari kitaona kisima kikishuka mapema, kikapunguza matumizi wakati maji bado yapo. Kisicho na daftari kitajua siku ndoo itakapopanda tupu.