Nyumba ya Mhadhiri

Mapema mwaka 1966 Wangari Muta alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na barua ya profesa mmoja wa zoolojia, iliyomwahidi kazi ya msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Aliporipoti kazini aliambiwa nafasi imeshachukuliwa. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, anaeleza kuwa aliyepewa kazi ile alikuwa mwanamume wa kabila la profesa huyo. Alinyimwa kwa kabila na kwa jinsia kwa mkupuo mmoja, na hapakuwa na aliyelazimika kutaja lolote kati ya hayo mawili.

Si kwamba alipungukiwa sifa. Alikuwa mmoja wa mamia ya vijana wa Kenya waliopelekwa vyuo vya Marekani mwaka 1960. Alisoma biolojia Kansas, kisha akafanya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh chini ya Profesa Charles Ralph, akichunguza tezi ya pineali katika ubongo wa kware wa Japani. Kazi ya namna hiyo hufundisha mikono kwanza. Tishu huondolewa maji, ikazamishwa kwenye nta, ikakatwa kwa mashine vipande vyembamba kuliko unywele, vikatiwa rangi ndipo viwekwe chini ya darubini. Ukiharakisha hatua moja, tishu inachanika na jasho la siku nzima limekwenda bure.

Ufundi huo ndio uliomwokoa. Reinhold Hofmann, profesa kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, alikuwa Nairobi akiunda Idara ya Anatomia ya Mifugo, naye alihitaji mtu anayejua mambo ya tishu na darubini. Alimwajiri, halafu akamsukuma asome zaidi. Mwaka 1967 Wangari alikwenda Giessen na Munich. Mwaka 1969 alirudi akawa mhadhiri msaidizi, akaolewa na Mwangi Mathai, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti wa tezi za uzazi za ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo.

Wasimulizi wengi hupenda kutua hapa, kana kwamba mwanamke akishashikwa mkono na mkubwa mmoja mwenye moyo mwema, mambo yamekwisha. Hofmann aliweza kumpa kazi mtu mmoja. Kanuni za utumishi zilibaki palepale.

Na kanuni zenyewe zilikuwa na mantiki yake. Mhadhiri mwanamume alipewa nyumba ya chuo au posho ya nyumba, pamoja na matibabu ya familia na pensheni. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mzigo wa mumewe, hata kama alifundisha darasa lilelile kwa saa zilezile. Wangari aliungana na Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, kudai masharti sawa. Walijaribu hata kukigeuza chama cha wanataaluma kuwa chama rasmi cha wafanyakazi. Mahakama ilikataa, na kesi yenyewe haikuwa nyepesi, kwa sababu mkuu wa chuo alikuwa Rais wa nchi. Hata hivyo, madai mengi ya usawa yalikubaliwa baadaye.

Darasani alikabili wanafunzi ambao wengi walikuwa wanaume, baadhi yao wakimtilia shaka waziwazi, mpaka walipogundua kuwa maksi zao ziko mikononi mwake. Alipanda vyeo: mkuu wa idara mwaka 1976, profesa mshiriki mwaka 1977, akiwa mwanamke wa kwanza chuoni hapo katika nafasi hizo. Katika miaka hiyo alichunguza pia kupe wanaoeneza ndigana kali. Akiwakusanya malishoni nje ya Nairobi aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo, akaanza kushuku kuwa tishio kubwa kwa mifugo halikuwa kupe bali uharibifu wa mazingira. Kutokana na mashaka hayo, mwaka 1977, lilizaliwa vuguvugu la upandaji miti la Green Belt Movement.

Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo. Alizuiwa kugombea kwa madai kwamba hakuwa amejiandikisha ipasavyo kupiga kura. Aliomba arudishiwe kazi yake, chuo kikakataa. Kwa kuwa hakuwa tena mfanyakazi, alitakiwa pia ahame nyumba ya chuo. Alihamia kijumba alichokuwa amekinunua mwenyewe miaka ya nyuma.