Kisu cha kuchuna nyama ya pori: angalia ncha kwanza

Mtu akienda sokoni kutafuta kisu cha pori, kwa kawaida anapima urefu, anagusa makali na kidole, kiisha anauliza bei. Ncha haiangalii. Lakini kwa mwindaji ncha njo inaamua kama nyama itafika nyumbani safi ao itaanza kunuka mbele ya jioni.

Sababu ni kazi ya kwanza, kupasua tumbo. Chini ya ngozi ya tumbo kuna utando mwembamba, na nyuma yake mara moja kuna utumbo na kibofu. Kisu chenye ncha kali inayoelekea juu kinazama haraka na kutoboa utumbo. Mavi yanamwagika juu ya nyama, na katika joto la pori nyama hiyo inaharibika upesi. Ukiisha kutoboa, kata na utupe sehemu yote iliyochafuka. Kupangusa tu na majani hakutoshi.

Kwa kazi hiyo umbo linalofaa zaidi ni lile ambalo mgongo wa kisu unashuka pole pole mpaka ncha, ncha ikabaki chini, karibu usawa wa katikati ya bamba. Ncha ya namna hii inatii mkono. Toboa tundu dogo chini ya kifua, ingiza vidole viwili, nyanyua ngozi, kisha pitisha kisu katikati ya vidole, makali yakiangalia juu. Vidole vinasukuma utumbo chini, kisu kinakata ngozi peke yake. Kisu ambacho mgongo wake umechongwa kwa kina karibu na mwisho, kama visu vingi vya askari, kina ncha nyembamba ya kuchoma. Kinapendeza macho, lakini hapa kinaleta hasara, tena ncha yake inavunjika ukiisukuma kwenye mfupa.

Kuchuna ngozi ni kazi ingine. Hapo kinachotafutwa ni tumbo la kisu, ile sehemu ya makali inayopinda kuelekea mbele. Makali yakipinda vizuri, mkono unavuta kwa mwendo mrefu na ngozi inaachana na nyama bila matundu. Kisu cha makali ya kunyooka kabisa kinagusa kwa pembe, na pembe inatoboa ngozi. Kinyume chake, makali ya kunyooka ni mazuri kwa kuchonga miti ya kichanja cha kukaushia nyama, ao kukata kamba. Kwa hiyo mtu mwenye uwezo wa kununua kisu kimoja tu achague ncha iliyoshuka na tumbo lenye kupinda kiasi: kitachuna, kitapasua, na kwa kazi ya miti kitasaidia bila kung'aa.

Urefu unadanganya watu wengi. Mboloko, yule mnyama mdogo wa msitu wa Ituri, ana kilo 4 mpaka 6 hivi. Bamba la sentimeta 8 ao 10 linamtosha kabisa. Kwa nguruwe pori, sentimeta 12 mpaka 15 iko sawa. Zaidi ya hapo ncha inakuwa mbali na vidole, na mkono hausikii tena inagusa nini.

Na panga? Panga iko kazi yake: njia, kuni, nyumba ya majani. Ukitumia panga kugawanya nyama, mifupa inapasuka vipande vidogo vidogo vyenye kuchoma, na vipande hivyo vinaishia katika sahani ya mtoto. Afadhali kutafuta kiungo, kukunja mguu, na kukata mishipa inayofunga mifupa miwili. Kisu kidogo chembamba kinafanya hivyo bila nguvu.

Kuna visu vyenye kindoano mgongoni, vya kufungua ngozi. Vinakata vizuri siku ya kwanza, lakini jiwe la kawaida haliingii ndani ya kindoano, na manyoya yanaziba. Makali ya meno nayo yanapenda kamba, nyama hayaipendi. Visu vya muhunzi vilivyofuliwa kutoka resori ya gari haviko vya kudharauliwa: chuma ni kigumu, kinanoleka, ila kinashika kutu. Muhunzi mwenyewe anaweza kuambiwa umbo unalotaka, jambo ambalo duka haliwezi. Visu vya kupinda sana vya Wamangbetu, vinavyoonekana leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, vilikuwa vya heshima ya mtu mkubwa. Asiviige mwenye kutafuta kisu cha kuchunia.

Angalia pia mpini. Damu na mafuta yanateleza. Mpini uwe na kizuizi mbele, ao upanuke kidogo, mkono usikimbilie makali. Chuma kiingie ndani ya mpini mpaka mwisho.

Kuhusu mnyama mwenyewe: uwindaji nchini unaongozwa na sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, na nyama kama okapi, sokwe na tembo hawaguswi hata kisu kiwe kizuri namna gani. Mnyama aliyekutwa amekufa pori asipasuliwe. Kimeta na Ebola zinaweza kupita katika damu yake, na mkono uliokatwa kidogo ni mlango wazi. Mwenye kidonda mkononi aachie mwingine kazi ya kuchuna.

Kazi ikiisha, kisu kioshwe na sabuni na maji ya moto, mpini pia, juu ubao unanyonya damu. Kikauke kabisa mbele ya kukirudisha ndani ya pochi yake ya ngozi, kwani ngozi inashika unyevu na kutu inaanza usiku huo huo. Mafuta ya mawese hayafai kupakwa kwa muda mrefu, yananata na kukusanya vumbi.