Umeumia kwa uzembe hospitalini? Fahamu haki yako kabla muda haujaisha

Umetoka Isaka usiku na mgonjwa hadi Kahama. Kafanyiwa upasuaji, lakini karudi na hali mbaya kuliko aliyokwenda nayo. Majirani wanasema, "Ni mipango ya Mungu, achana nayo." Huenda ni kweli. Huenda pia ni uzembe, na uzembe unadaiwa fidia.

Uzembe ni nini?
Si kila asiyepona amefanyiwa uzembe. Lazima uonyeshe mambo matatu: hospitali ilikuwa na wajibu wa kukuhudumia; ilikuhudumia chini ya kiwango cha mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo; na kosa hilo ndilo lililokuletea madhara. La tatu ndilo gumu.

Mwaka 2007 pale MOI, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: wa mguu akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Kosa la namna hiyo linajieleza lenyewe. Mengi hayako wazi hivyo.

Mgonjwa ni mlaji?
India ilisema ndiyo. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliamua kwamba matibabu ya kulipia ni huduma inayolindwa na sheria ya walaji. Kenya nayo, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya huduma zenye ubora, ziwe za serikali au za binafsi.

Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC, na inakataza kumdanganya mlaji. Lakini kwa aliyeumizwa kwenye matibabu, njia iliyozoeleka ni kesi ya madai ya uzembe mahakamani.

Muda ni huu
Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa mtoto, muda unahesabiwa akishafikisha utu uzima.

Hospitali ikiwa ya serikali au halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe kwenye kesi. Kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa watu wa Isaka ni Shinyanga. Kwa hiyo usisubiri miezi ya mwisho.

Baraza halilipi fidia
Unaweza kumlalamikia daktari Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi ana baraza lake. Mabaraza haya yanaweza kumwadhibu, hata kumfutia usajili. Pesa ya fidia unaidai mahakamani.

Anza na haya leo
• Tunza kadi, risiti, vipimo na karatasi za kuruhusiwa.
• Andika tarehe, saa, na nani alikuhudumia.
• Omba taarifa zako za matibabu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuzipata.
• Muone daktari wa hospitali nyingine akupime na aandike alichokiona. Bila maoni ya mtaalamu, kesi nyingi ni ngumu kusimama.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Ulizia kwenye ofisi za halmashauri yako.

Kulalamika si kumkosea daktari adabu. Na ile miaka 3 inaendelea kuhesabika.