Gari Nyeusi Ikiwa Kioo, Kuna Kitu Kimeondoka

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilichoma boneti ya gari ya anko wangu, na hakukuwa na moto. Ilikuwa gari nyeusi, moja ya hizi zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika, na anko alikuwa anataka kuiuza. Nikamwambia, "Anko, niachie wikendi moja tu, itakuwa kioo." Nikakodi mashine ya kupiga polishi, ile inayozunguka mahali pamoja kama feni. Kila nikipitisha, naona sura yangu. Nilipofika kwenye ukingo wa boneti nikabonyeza kidogo, na polishi iliyokuwa nyeupe kwenye sponji ikageuka nyeusi.

Hiyo nyeusi ilimaanisha nimemaliza klia, lile tabaka angavu la juu, na sasa nakula rangi yenyewe. Mnunuzi alipokuja aliweka kidole palepale, akatoa elfu arobaini kwenye bei. Anko hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulisema unaitengeneza?"

Swali hilo limenifanya nisome historia ya rangi nyeusi kuliko nilivyosoma historia ya shule.

Sisi huku tunaona nyeusi ni rangi ya wakubwa. Baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walibuni neno wabenzi kwa wale waliopanda cheo wakapanda na Mercedes, na mpaka leo msafara ukipita, macho yanatafuta ile gari nyeusi. Lakini nyeusi ilijaa barabarani kwa sababu ya bei, sio heshima. Ford Model T ilipotoka Marekani 1908 iliuzwa kwa rangi kama kijani, nyekundu na kijivu. Kuanzia 1914 mpaka 1925, wakati kiwanda kinakimbizana na idadi, mteja alipewa nyeusi pekee. Ilikuwa nafuu, inadumu, na rangi moja hurahisisha kazi. Yaani nyeusi ilikuwa gari ya mkulima na fundi.

Nyeusi za aina hiyo, zilizochanganywa na lami, ziliitwa japan black. Jina hilo lina hadithi. Wazungu walikuwa wameona vyombo vyeusi vinavyong'aa kutoka Asia, wakajaribu kuviiga kwa vanishi zao. Vile vya Japani vilipakwa utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka. Kuna mtindo unaoitwa roiro: fundi husugua kwa mkaa na maji, kisha kwa unga laini sana, na mwisho kwa kiganja chake mpaka uso uwe kioo. Na katikati ya kusugua, anapaka utomvu mwembamba tena. Akitoa, anarudisha. Shikilia hapo, tutarudi.

Mwaka 1923 General Motors walianza kutumia Duco, rangi mpya ya DuPont, kwenye magari ya Oakland. Ilikauka kwa saa badala ya siku nyingi, na ilikuja kwa rangi tofauti. Shida ni kwamba haikutoka ikiwa inang'aa vizuri. Ilibidi isuguliwe, kwa hivyo polishi ikawa sehemu ya kazi ya kiwanda. Miaka ya 1980 mfumo wa leo ukaenea: rangi chini, klia juu. Hiyo klia ndiyo inatoa ule mng'ao, na ndiyo inapunguza miale ya UV ya jua inayofika kwenye rangi.

Sasa, unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 mpaka 50. Unywele wako unaweza kuwa mnene kuliko hapo.

Kwa nini basi nyeusi inasumbua hivi? Gari nyeupe nayo ina mikwaruzo, lakini mwanga unaotawanywa na mkwaruzo unapotelea kwenye weupe. Kwa nyeusi, kila mkwaruzo unawaka. Simama chini ya taa ya petroli stesheni usiku, utaona utando wa buibui boneti nzima. Mingi inatokana na kuosha: kitambaa kimeanguka chini, kimebeba mchanga, kimerudi kwa gari.

Na mashine haijazi mikwaruzo. Inakata klia yote inayouzunguka mpaka ishuke usawa wa chini wa mkwaruzo. Mashine ya kisasa inayozunguka huku ikiyumba haipati joto haraka kama ile niliyokodi, na ni salama zaidi kwa mtu anayejifunza, lakini nayo inakata. Yule fundi wa roiro alikuwa anarudisha utomvu. Sisi haturudishi kitu. Nta unayopaka mwishoni sio klia.

Ndio maana nasema ile "bila doa kabisa" inayouzwa kwa video za sekunde 30 ni deni. Gari ya hapa ilishazeeka kidogo kabla ya kushuka Mombasa, huenda ilishapigwa polishi huko, halafu inakuja kukaa chini ya jua la ikweta. Hata kile kifaa cha kupima unene kwa kawaida kinasoma tabaka zote kwa pamoja, hakikuambii klia imebaki kiasi gani.

Bado napiga polishi, na napenda hiyo kazi. Lakini siku hizi naanza na sponji laini na polishi isiyokata sana, kwa sehemu ndogo, nabandika utepe kwenye kingo, na nikifika mahali gari inapendeza naacha. Mkwaruzo wa ndani nauacha ukae. Mteja akisisitiza, namwonyesha picha ya boneti ya anko.

Wewe mwenye gari nyeusi, kabla hujalipia mashine, nunua ndoo mbili na vitambaa safi. Anza hapo.